Marika ya Nyota

Kijana msomaji, ikiwa unakaa Kitale au jirani yake, ngoja usiku mmoja ambao mwezi haujatoka na umeme umekatika, kisha utoke nje ya nyumba na kuangalia juu. Utauona ukanda mweupe, mfano wa moshi mwembamba, umeikatiza mbingu toka upande mmoja hata upande wa pili. Magharibi yako Mlima Elgon umesimama mweusi na kuzificha nyota za chini. Mwenzako aliye Bungoma usiku huo huo atauona ukanda ule ule, ila kwake yeye mlima uko kaskazini. Mlima ni mmoja na mbingu ni moja. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama tu. Ukanda huo huitwa Njia Nyeupe, nao ndio galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani, kama mtu anavyoiona nyumba yake akiwa amekaa sebuleni.

Galaksi ni mji wa nyota. Katika mji wetu mna nyota nyingi zaidi ya bilioni mia moja, na jua letu ni moja tu miongoni mwao, tena si kubwa wala si dogo. Miji ya namna hii imetapakaa angani isivyohesabika. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi wanadamu walivyopata kujua namna nyota zinavyokwenda ndani ya miji hiyo, na jinsi walivyohangaika kwa muda wa karibu miaka mia moja na swali moja: je, mwendo huo hutokana na mahali galaksi inapokaa, yaani majirani zake, au hutokana na umri wa nyota zenyewe? Sehemu mbili za historia hiyo zilitendeka katika nchi ya Kenya, moja karibu na mstari wa ikweta na nyingine baharini karibu na Malindi. Mimi sikufundishwa habari hizo nilipokuwa shuleni, na ndiyo maana nazileta kwako.

Mambo ya kwanza nitayapita upesi. Mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye Njia Nyeupe akaona kwamba ule weupe si moshi wala wingu, bali ni nyota nyingi mno zilizosongamana. Mwaka 1785 William Herschel alijaribu kuichora ramani ya mji huo wa nyota kwa kuhesabu nyota za kila upande. Ramani yake ilikuwa na makosa, maana vumbi lililoko baina ya nyota lilimfichia sehemu kubwa, naye hakujua. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa: kwamba mbingu ina umbo, na umbo hilo laweza kupimwa.

Hatua kubwa ilikuja katika miaka ya 1920. Kijana mmoja wa Uholanzi, Jan Oort, aliandika tasnifu yake mwaka 1926 juu ya nyota zinazokwenda mbio kupita kiasi. Wakati huo ilikwisha julikana kwamba nyota nyingi za jirani yetu zina mwendo wa taratibu zikilinganishwa na jua. Lakini zilikuwapo chache zenye kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa kila sekunde, na ajabu yake ni kwamba hizo hazikutawanyika kwenda pande zote: zilielekea nusu moja tu ya mbingu, kana kwamba zote zinakimbia kitu kimoja.

Siri yake utaielewa vizuri ukiwa safarini. Fikiri umo ndani ya matatu itokayo Webuye kwenda Kitale. Gari jingine liendalo Kitale kwa kasi kama ya gari lako huonekana limetulia kando yako. Lakini mtu wa baiskeli, ambaye naye aelekea Kitale, huonekana anarudi nyuma kwa kasi kubwa. Kumbe harudi nyuma. Wewe ndiwe unayempita. Ndivyo zilivyo nyota zile. Jua na majirani zake wengi huzunguka kitovu cha galaksi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, wote upande mmoja, kama magari katika barabara kuu. Nyota zilizoonekana kwenda mbio ndizo zilizozembea katika mzunguko huo. Nyingine hupanda juu na kushuka chini, nyingine huja karibu na kitovu kisha zikaenda mbali sana. Mwaka 1927, akifuata mawazo ya Bertil Lindblad wa Sweden, Oort alitoa hoja za vipimo zilizoonyesha wazi kwamba galaksi yetu inazunguka. Mwaka huo ndio aliotimiza umri wa miaka 27.

Sasa yafaa tusimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nchi yetu inapoingia katika hadithi. Kuujua mwendo wa nyota ni lazima kwanza ujue mahali pake, upime leo, upime tena baada ya miaka mingi, kisha uangalie tofauti. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na kosa dogo katika kipimo cha kwanza huharibu kila kitu. Adui mkubwa wa kazi hiyo ni hewa. Umepata kuona fimbo iliyotiwa majini inavyoonekana imepinda. Vivyo hivyo nuru ya nyota hupinda inapoingia katika hewa ya dunia, na nyota huonekana iko juu kuliko ilivyo. Kadiri nyota inavyokuwa karibu na upeo wa macho, ndivyo kosa linavyozidi. Pia chuma cha darubini chenyewe hulegea kidogo kwa uzito wake inapoinamishwa. Mtu aliyeko Ulaya angeweza kuyakisia makosa hayo, lakini asingeweza kuyaepuka kabisa.

Kituo cha nyota cha Leiden nchini Uholanzi, alikofanya kazi Oort, kilikuwa na mpango wa kuyaepuka. Kiliwatuma wataalamu wake Kenya, karibu kabisa na ikweta, mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mara ya pili mwishoni mwa miaka ya 1940. Gijsbert van Herk alikuwa mmoja wao. Huenda ukauliza, mbona waliacha vituo vyao vyenye mashine nzuri wakaja mbali hivyo? Jibu ni kwamba ikweta ina fadhila isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Hapa kwetu nyota zote huchomoza wima. Nyota ikitokeza katika upeo wa macho hupanda moja kwa moja juu, haiendi upande. Kwa hiyo hewa inapoiinua nyota, huiinua katika njia ile ile ambayo nyota yenyewe inaipita, na mahali inapotokeza katika upeo hapasogei kulia wala kushoto. Basi mtu wa ikweta hana haja ya kupima urefu wa nyota kutoka chini, kipimo ambacho hewa hukiharibu. Hupima tu upande inakotokeza: imetokea nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya mashariki halisi. Hesabu hiyo humpa moja kwa moja umbali wa nyota kutoka mstari wa katikati ya mbingu. Huko Leiden nyota hupanda kwa mshazari, na hewa inapoziinua huzisogeza pia kando.

Huna haja ya kuyaamini maneno yangu bure. Tarehe 21 Juni, amka mapema, uchomeke vijiti viwili ardhini kuelekea pale jua linapochomoza. Kisha ufanye vivyo hivyo tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambazo jua huchomoza mashariki halisi. Pima pembe iliyo baina ya mistari hiyo miwili. Ukiwa Bungoma au Kitale utapata kama nyuzi 23 na nusu, nayo ndiyo hesabu iliyoandikwa katika vitabu kuwa umbali wa jua kutoka katikati ya mbingu siku hiyo ya Juni. Mwanafunzi wa London akifanya kazi hiyo hiyo atapata karibu nyuzi 40, na itamlazimu kupiga hesabu ndefu kabla hajaupata ukweli. Wa Kitale atasumbuliwa kidogo na vilima vya Cherangani vinavyochelewesha jua, lakini ukweli wenyewe uko karibu na mlango wake. Kazi ya wale Waholanzi ilikuwa hiyo hiyo, ila walitumia vyombo vya kupimia vilivyo sahihi sana, nao waliirudia usiku baada ya usiku kwa miaka. Ni kazi isiyo na sifa za magazetini. Lakini bila kazi za namna hiyo, maneno yote juu ya mwendo wa nyota yangekuwa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Mwendo ulipokwisha kupimwa vizuri, lilijitokeza jambo ambalo wengi hawakulitazamia: nyota zina marika.

Katika Bungoma na Trans Nzoia sihitaji kueleza sana maana ya rika. Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka isiyo witiri, mwezi wa Agosti, na kila kundi huingia katika rika lenye jina: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Majina ni manane, na jina moja hurudi baada ya miaka ipatayo mia moja. Mtu akikuambia rika lake, umekwisha jua takriban umri wake, na mambo gani aliyaona alipokuwa kijana. Nyota nazo huzaliwa kwa makundi kutoka katika mawingu ya gesi, na mtaalamu huweza kulitambua rika la nyota kwa rangi yake na kwa madini yaliyomo ndani yake. Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo ukiziona mahali ujue kwamba uzazi haujakoma hapo. Nyota za kale sana zina chuma kidogo (hapa nasema madini, si lile rika la Chuma), kwa sababu zilizaliwa kabla vizazi vingi vya nyota havijakipika na kukitawanya angani.

Mwaka 1944, Walter Baade alitangaza kwamba nyota za galaksi ya Andromeda zimegawanyika katika makundi mawili. Baade alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi katika kituo cha Mount Wilson huko Marekani. Wenzake wengi walikwenda kwenye kazi za vita, naye akabaki na darubini, huku taa za Los Angeles zikiwa zimezimwa kwa kuogopa mashambulizi ya adui. Giza hilo la vita lilimwezesha kuziona nyota nyekundu za kitovu cha Andromeda moja moja, jambo ambalo hakuna mtu aliyeliweza kabla yake. Nyota za buluu zilikaa katika mikono ya nje ya galaksi, na zile nyekundu, ambazo baadaye ilitambulikana kwamba ni za kale, zilijaa katikati. Mwaka 1950 Nancy Roman alionyesha kwamba nyota zenye madini machache zina mwendo ulio tofauti na zenye madini mengi, ingawa ziko jirani na jua vile vile. Yaani umri na mwendo hufuatana. Nyota changa huzunguka kwa adabu, pamoja, katika njia zilizo karibu kuwa duara. Nyota kongwe zina mwendo uliovurugika: huku na huko, juu na chini.

Kwa nini ikawa hivyo? Mwaka 1951 Lyman Spitzer na Martin Schwarzschild walitoa sababu moja ambayo bado inaheshimiwa. Galaksi ina mawingu makubwa ya gesi, na kila nyota inapopita karibu na wingu huvutwa kidogo kutoka katika njia yake. Mara moja haidhuru. Lakini nyota iliyozunguka kwa miaka bilioni kadhaa imesukwasukwa mara nyingi mno, kama gari lililopita miaka mingi katika barabara ya mashimo. Hata dereva akishika usukani sawasawa, gari lenyewe huvuta upande. Sababu ya pili ni ya kuzaliwa: huenda nyota za kale zilizaliwa wakati galaksi yenyewe ilikuwa bado na ghasia, kabla haijatulia ikawa bapa kama sahani. Sababu hizi mbili bado zinagombana, nami nitazirudia.

Mpaka hapo tumezungumza juu ya galaksi yetu na jirani yake. Je, galaksi nyingine? Zipo za aina kuu mbili. Za kwanza ni bapa, zenye mikono iliyojikunja kama gamba la konokono, na nyota zake huzunguka pamoja kama gurudumu la baiskeli. Za pili zina umbo la yai, hazina mikono, rangi yake ni nyekundu nyekundu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hizo za yai nazo huzunguka upesi, na kwamba mzunguko ndio uliozibonyeza. Mwaka 1975 Waitalia wawili, Francesco Bertola na Massimo Capaccioli, walipima mojawapo wakaona kwamba inazunguka polepole kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1977 Garth Illingworth akapima nyingine kadhaa akaona vivyo hivyo. Ndani ya galaksi hizo nyota haziendi kama gurudumu, bali huenda kama nyuki waliotoka mzingani: kila mmoja na njia yake, lakini kundi halitawanyiki.

Pengine unajiuliza mtu anawezaje kupima mwendo wa nyota asizoweza hata kuzitenganisha kwa darubini. Kumbuka mlio wa honi ya gari: gari likija mlio huwa mwembamba, likikupita mlio huwa mzito. Nuru nayo ina tabia hiyo. Ikitoka katika kitu kinachokuja, hugeuka kidogo kuelekea buluu. Kikienda zake, hugeuka kuelekea nyekundu. Galaksi ambayo upande wake mmoja una nuru iliyoelekea buluu na upande wa pili nyekundu, hiyo inazunguka. Galaksi ambayo kila sehemu yake ina mchanganyiko wa vyote viwili, hiyo ni ya nyuki.

Sasa twende Malindi. Katika ghuba ya Ungwana, Waitalia walisimamisha jukwaa la chuma baharini wakaliita San Marco, la kurushia roketi. Walipachagua hapo kwa kuwa karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na roketi irushwayo kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, kilirushwa kutoka hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kilikuwa chombo cha kwanza kupelekwa katika mzingo wa dunia kwa kazi hiyo peke yake. Msimamizi wake, Marjorie Townsend, alikipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wa nchi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru alifanya mambo mengi, lakini moja latuhusu. Galaksi nyingi hukaa makundi makundi. Kundi moja kubwa, liitwalo Coma, lina galaksi zaidi ya elfu moja. Uhuru aliona kwamba makundi hayo hutoa eksirei, na si kutoka katika galaksi moja moja bali kutoka katika eneo zima lililo baina yake. Maana yake ni kwamba nafasi ambayo watu waliidhani tupu imejaa gesi nyembamba yenye joto la nyuzi milioni nyingi. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walieleza matokeo yake. Galaksi inapoingia katika kundi la namna hiyo hupambana na gesi hiyo kama vile mpanda baiskeli anavyopambana na upepo, na gesi yake yenyewe, ile baridi ambayo nyota huzaliwa kutokana nayo, hupeperushwa ikabaki nyuma. Nyota zenyewe hazipeperushwi, kwa kuwa ni nzito na ndogo. Galaksi hubaki na watu wake, ila uzazi umekoma.

Ndipo mwaka 1980 Alan Dressler alipotoa hesabu yake ya makundi 55. Alionyesha kwamba palipo na msongamano mkubwa wa galaksi, za yai na jamaa zake ndizo zilizo nyingi, na pasipo na msongamano, za bapa ndizo zilizo nyingi. Baada ya hapo wengi waliona kesi imekwisha: mahali ndipo panapofanya mwendo. Galaksi ikikaa na majirani wengi husukumwa, hugongwa, huvutwa, na gurudumu lake huvunjika likawa kundi la nyuki. Ni jibu linalopendeza, na mimi mwenyewe ningelikubali.

Lakini hebu sikiliza kisa hiki cha kubuni. Mtu anapima urefu wa wanafunzi wa shule moja ya Kitale na wa shule moja ya Bungoma. Anaona wa Kitale wamewazidi wenzao. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Basi anaandika kwamba hewa ya juu hurefusha watoto. Anasifiwa. Halafu anakuja mtu mwingine anauliza, mbona hukusema kwamba wa Kitale ni wa kidato cha nne na wa Bungoma ni wa kidato cha kwanza? Hesabu ya kwanza haikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mahali ndipo panaposema, kumbe umri ndio uliokuwa unasema kwa kinywa cha mahali. Dawa yake ni moja tu: mlinganishe mtoto wa kidato cha kwanza wa huku na wa kidato cha kwanza wa kule, ndipo useme.

Dawa hiyo ilihitaji galaksi nyingi mno, na kila moja ipimwe mwendo na umri pia. Kati ya mwaka 2013 na 2018 kazi hiyo ilifanywa huko Siding Spring, Australia, katika uchunguzi ulioitwa SAMI. Walitumia vifurushi 13 vya nyuzi za kioo, kila kifurushi kikiwa na nyuzi 61, hata wakaweza kupima sehemu nyingi za galaksi moja kwa wakati mmoja. Walipata zaidi ya galaksi 3,000. Mwaka 2024 Scott Croom wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walitoa matokeo. Walipozilinganisha galaksi za umri mmoja, nguvu ya mahali ilitoweka karibu yote. Galaksi yenye nyota changa huzunguka kama gurudumu, iwe katikati ya msongamano au nyikani peke yake. Galaksi yenye nyota kongwe ina mwendo wa nyuki zaidi, hata ikiwa haina jirani. Umri ulieleza mwendo kuliko mahali, na kuliko hata uzito wa galaksi.

Je, Dressler alikosea, na gesi ya Uhuru haina kazi? Hapana, wala usilichukue jambo hili hivyo. Majirani wana mkono wao, ila mkono huo hupitia katika umri. Galaksi iliyoingia kundini ikapokonywa gesi yake haipati tena rika jipya. Marika ya zamani huendelea kuzeeka, na nyota changa, ambazo ndizo zenye kuzunguka kwa adabu, hufifia moja baada ya moja. Baada ya miaka bilioni chache, atakayeipima ataona mwendo wa wazee peke yao, ingawa huenda hakuna aliyeigonga wala kuisukuma. Ni kama kijiji ambacho vijana wamekoma kuzaliwa: ukipita utaona mwendo wa fimbo tu, na utadhani barabara ndiyo mbaya. Yabaki swali la zile sababu mbili nilizoahidi kuzirudia. Galaksi zilizoacha kuzaa nyota mapema, yapata miaka bilioni kumi iliyopita, ziliishi wakati ambapo ulimwengu wote ulikuwa na msukosuko na gesi ilikuwa ikichafuka. Huenda nyota zake hazikuvurugika njiani. Huenda zilizaliwa na mwendo huo. Wataalamu hawajaafikiana ni sehemu gani ya mwendo iliyo ya kuzaliwa na ipi iliyo ya safari.

Wala umri hautawali kila mahali. Katikati ya Novemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, simama mahali pa giza ukiwa Kitale au Bungoma, uelekee kaskazini. Katikati ya upeo na utosi utaona doa hafifu, refu kidogo: hiyo ni galaksi ya Andromeda, na nuru inayoingia katika jicho lako imesafiri miaka milioni 2 na nusu. Kitovu chake ni kile chenye nyota nyekundu za Baade. Kisha geuka uangalie kusini, chini, nyuzi 16 tu juu ya upeo. Pakiwa na giza la kutosha utaona kijiwingu kidogo, Wingu Dogo la Magellan, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 200,000. Mtu wa Ulaya hakioni kijiwingu hicho maisha yake yote mpaka asafiri, na mtu wa kusini ya mbali huiona Andromeda kwa taabu. Wewe waviona vyote viwili kwa kugeuza shingo. Wingu hilo lina nyota changa nyingi, kwa hiyo kwa kanuni ya Australia lingetazamiwa kuzunguka vizuri kama gurudumu. Lakini ni dogo, na jirani yake, Wingu Kubwa la Magellan, amelipitia karibu mno, akalivuta na kulinyoosha hata nyota zake zikapoteza mpango. Ukikaa nje mpaka usiku uwe mwingi utamwona jirani huyo naye akipanda taratibu kutoka kusini-mashariki.